Nyumba ya kupanga Uingereza: serikali inalipa nini, na mpangaji analipa nini?

(Muziki wa kufungua kipindi. Unashuka taratibu.)

Popote mlipo, Nyarugusu, Nakivale au Kakuma, mlioketi karibu na redio na ninyi mtakaosoma maneno haya kwenye karatasi baadaye, karibuni.

Leo tunazungumza juu ya nyumba. Si ile ya matofali mabichi na turubai ambayo wengi wenu mmeijenga kwa mikono yenu. Ni nyumba ya kupanga nchini Uingereza, pamoja na fedha ambazo serikali ya huko hutoa ili kumsaidia mtu mwenye kipato kidogo alipe kodi kwa mwenye nyumba binafsi. Na ninaposema kodi leo, nasema pesa ya pango, si ushuru.

Pengine unajiuliza: mimi niko kambini, habari za kodi ya Uingereza zinanihusu nini? Zinawahusu watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wachache walioitwa kwenye usaili wa kuhamishiwa nchi ya tatu na wanaosubiri safari. Wa pili ni wengi zaidi, nao ni ninyi mlio na ndugu waliokwisha kufika. Tangu miaka ya 2000, familia za Kikongomani zimehamishiwa miji kama Hull, Norwich na Motherwell. Kutoka huko zinapiga simu, zinatuma picha, na mara nyingine zinatuma pesa.

Na pale pesa isipotumwa, maneno huanza. "Huyu kaka yetu serikali inamlipia nyumba. Sasa pesa yake inakwenda wapi?" Maneno hayo yametenganisha watu wa tumbo moja. Kwa hiyo leo tufungue jambo hili tulione ndani. Usione vyaelea, vimeundwa.

Tuanze na mwenye nyumba. Kwa kawaida, familia inayopelekwa Uingereza kwa mpango rasmi hupokelewa na watu wa halmashauri ya mji au shirika linaloshirikiana nayo, na hukuta nyumba imekwisha kutafutwa. Mara nyingi nyumba hiyo si ya serikali. Ni ya mtu binafsi, labda mwalimu mstaafu mwenye nyumba mbili, labda kampuni yenye nyumba mia. Familia inasaini mkataba naye. Kuanzia siku hiyo anayedaiwa kodi ni mpangaji aliyesaini. Serikali haidaiwi. Hata msaada wa serikali ukichelewa au ukipungua, mwenye nyumba atamtazama mpangaji.

Msaada wenyewe unakuja kwa njia gani? Kwa watu wa umri wa kufanya kazi, siku hizi unakuja ndani ya malipo yanayoitwa Universal Credit, ambayo yalianza mwaka 2013. Ni malipo ya mara moja kwa mwezi. Ndani yake kuna fungu la maisha ya kila siku, fungu la watoto, na fungu la nyumba, yote pamoja. Wazee waliofikia umri wa pensheni bado wanaweza kuomba mpango wa zamani, Housing Benefit, kupitia halmashauri yao.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana ndiyo shina la mazungumzo yetu. Fungu la nyumba halifuati bei ya mwenye nyumba. Linafuata kipimo cha serikali.

Ninyi mnajua vipimo. Siku ya mgao, anayegawa hakuulizi una njaa kiasi gani. Anatazama idadi ya watu kwenye kadi yako, anapima, unaondoka. Unga ukiisha kabla ya mwezi kwisha, hilo ni lako. Basi kodi ya nyumba Uingereza hupimwa kwa namna ya kufanana na hiyo. Kipimo kinaitwa Local Housing Allowance, na kilianza kutumika nchi nzima mwaka 2008 kwa wapangaji wa nyumba za watu binafsi. Kinatazama mambo mawili: eneo unaloishi, na vyumba vya kulala ambavyo familia yako inaruhusiwa kuhesabiwa.

Vyumba huhesabiwa hivi. Mume na mke, chumba 1. Kila mtu mwingine mwenye miaka 16 au zaidi, chumba 1. Watoto wawili wa jinsia moja walio chini ya miaka 16 wanahesabiwa chumba kimoja. Watoto wawili walio chini ya miaka 10 wanahesabiwa chumba kimoja hata kama ni mvulana na msichana. Mtoto anayebaki bila mwenzake anahesabiwa chumba chake. Na kipimo hakivuki vyumba 4, hata kama mna watoto 9. Familia kubwa za kwetu, likumbukeni hilo.

Kijana asiye na mke wala mtoto, aliye chini ya miaka 35, kwa kawaida hahesabiwi nyumba wala chumba cha kujitegemea. Anahesabiwa chumba katika nyumba ya kuchangia, ambapo jiko na bafu ni vya wote. Kuna vijana hapa kambini wanaodhani wakifika watapewa nyumba yao peke yao. Wajue mapema.

Na kiasi cha pesa kinapatikanaje? Fikiria nyumba 100 za kupanga za aina moja katika eneo moja. Zipange kwenye mstari, kuanzia ya bei ya chini kabisa hadi ya bei ya juu kabisa. Kipimo kilipoanza mwaka 2008 kilisimama katikati ya mstari. Mwaka 2011 serikali ilikishusha hadi nyumba ya 30. Maana yake ni kwamba nyumba 30 za bei ya chini unaweza kuzilipia kwa kipimo hicho, na 70 zilizobaki zinakipita. Tena kipimo hakipandishwi kila mwaka. Kuanzia mwaka 2016 hadi 2020 kilisimamishwa. Kilirekebishwa Aprili 2020, kikasimamishwa tena hadi Aprili 2024. Kilipandishwa mwaka huo, kisha mwaka 2025 kikaachwa palepale. Wenye nyumba hawakusimama kumsubiri yeyote. Bei zao ziliendelea kupanda.

Tuchukue familia ya mfano. Baba, mama, kijana wa miaka 17, na wasichana wawili, wa miaka 12 na 7. Hesabu nami: wazazi chumba 1, kijana chumba 1, wasichana wawili chumba 1. Jumla ni vyumba 3. Tuseme, na namba hizi ni za mfano tu, kipimo cha eneo lao kwa vyumba 3 ni pauni 700 kwa mwezi, na nyumba waliyoipata ni pauni 800. Serikali itahesabu 700. Zile 100 zinatoka wapi? Zinatoka kwenye fungu la chakula na nguo. Kwa mwaka mzima ni pauni 1,200.

Na hiyo ni kodi peke yake. Umeme, gesi ya kupashia nyumba joto wakati wa baridi, na maji havimo ndani ya fungu la nyumba. Kuna pia ushuru wa halmashauri, unaoitwa Council Tax, ambao una barua yake peke yake na tarehe zake. Mwenye kipato kidogo anaweza kupunguziwa ushuru huo, lakini ni lazima aombe kwa halmashauri. Asipoomba, deni linapanda wakati yeye anadhani serikali imekwisha kulipa kila kitu.

(Muziki mfupi.)

Karibuni tena. Tunaendelea na nyumba ya kupanga Uingereza, na sasa tunafika kwenye hatari kubwa kuliko zote: pesa inapita mkononi mwako.

Huko Uingereza, mara nyingi fungu la nyumba haliendi moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Linaingia kwenye akaunti ya mpangaji pamoja na mafungu mengine. Mtu aliyeishi miaka 10 kambini, ambaye hajawahi kushika pesa nyingi kwa pamoja, asubuhi moja anafungua simu na kukuta zaidi ya pauni 1,500. Jioni ya siku hiyohiyo anapokea simu kutoka nyumbani: mama anaumwa, mtoto amefukuzwa shule kwa ada. Anatuma pauni 300. Amefanya jambo jema. Lakini sehemu kubwa ya pesa aliyoiona haikuwa yake. Ilikuwa ya mwenye nyumba, imepita tu kwake kama mzigo unavyopita kwa dereva wa lori. Tarehe ya kodi inafika, pesa haitoshi, na deni la kwanza limezaliwa.

Deni la kodi huko halimalizwi kwa kuombana radhi mlangoni. Linaandikwa, linafika mahakamani, na familia inaweza kutolewa kwa amri ya mahakama. Ikionekana kwamba walipoteza nyumba kwa sababu yao wenyewe, halmashauri inaweza kusema wamejikosesha makazi kwa makusudi, na hapo wajibu wake wa kuwatafutia nyumba nyingine unakuwa mdogo sana.

Kwa hiyo, wewe unayesubiri safari, shika mambo haya.

Jambo la kwanza: malipo ya kwanza ya Universal Credit huchukua takriban wiki 5 tangu siku ya kuomba. Unaweza kuomba utangulizi ili usikae bila kitu, lakini utangulizi huo ni mkopo. Utakatwa kidogo kidogo katika miezi inayofuata, hadi uishe.

Jambo la pili: siku pesa inapoingia, lipa kodi kwanza. Benki inaweza kuilipa yenyewe kila mwezi ukiiagiza. Na ukiona huwezi kuitunza, au deni limeanza, unaweza kuomba fungu la nyumba lilipwe moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Ukipelekwa Scotland una haki ya kuchagua hivyo tangu mapema, na Ireland ya Kaskazini ndiyo desturi. Si aibu kuomba. Ni kulinda paa la watoto.

Jambo la tatu: kabla ya kusaini mkataba wowote, uliza maswali matatu. Kodi ni kiasi gani kwa mwezi? Kipimo cha eneo hili kwa familia yangu ni kiasi gani? Tofauti nitailipa kwa pesa ipi? Kipimo cha kila eneo kinatangazwa wazi, na mfanyakazi wa halmashauri anaweza kukuonyesha. Kama Kiingereza hakijakaa, omba mkalimani wa Kiswahili. Usimtumie mtoto wa miaka 12 kutafsiri mkataba wa nyumba.

Jambo la nne ni ile pesa ya kuweka mwanzoni. Bukavu na Uvira mnaiita garanti, Nairobi wanaiita dipoziti. England, sheria ya mwaka 2019 inasema kwamba kwa nyumba za kawaida haiwezi kuzidi kodi ya wiki 5. Mwenye nyumba haruhusiwi kuitia mfukoni tu. Ni lazima aiandikishe katika mpango ulioidhinishwa ndani ya siku 30 na akupe maelezo yake kwa maandishi. Sheria hiyo imekataza pia ada za kuonyeshwa nyumba na ada za kuandikiwa mkataba. Mtu aliyekubaliwa kuwa mkimbizi anaweza kuomba serikalini mkopo usio na riba wa kumsaidia kuweka garanti hiyo.

Jambo la tano: ukitafuta nyumba mwenyewe, unaweza kukutana na tangazo lenye maneno "No DSS". DSS ni herufi za idara ya zamani ya misaada ya serikali. Idara ilikwisha mwaka 2001, lakini maneno yamebaki. Maana yake: mtu anayepokea msaada wa serikali asije. Mwaka 2020 mahakama katika mji wa York ilisema kuwafungia watu mlango kwa jumla namna hiyo ni ubaguzi usiokubalika kisheria, na sheria mpya ya wapangaji ya England ya mwaka 2025 imekataza jambo hilo waziwazi. Ukikataliwa kwa sababu hiyo, usirudi nyumbani kimya. Wapo washauri wa bure kama Citizens Advice na Shelter, na kazi yao ni hiyo.

Jambo la sita: mwenye nyumba akikasirika, hawezi kubadilisha kufuli na kutupa vyombo vyako nje. Kukutoa kunapitia mahakamani. Ukipokea barua ya kukutaka uondoke, usihame siku hiyo kwa hofu. Ipeleke kwa mshauri kwanza.

Jambo la saba: yakibadilika ya nyumbani, sema. Kijana amepata kazi, mtoto amefika miaka 16, shemeji amekuja kukaa nanyi, mwenye nyumba amepandisha kodi: yote yaandikwe. Mabadiliko mengine yanaongeza fungu, mengine yanapunguza. Usiposema, ulichopokea zaidi kitadaiwa baadaye.

Na kazi je? Wengine wanaogopa kwamba wakipata kazi msaada utakatwa wote. Si hivyo. Familia yenye watoto kwanza inaachiwa kiasi fulani cha mshahara bila kuguswa. Baada ya hapo, kwa kila pauni 1 unayopata kwa kazi, msaada unapungua kwa peni 55. Peni 45 zinabaki kwako. Kufanya kazi bado kunafaa.

Sasa neno moja juu ya London. Wengi hupelekwa mji mdogo, kisha husikia kwamba jamaa na kanisa na chakula cha nyumbani viko London, na hutamani kuhama. Tazama kwanza hesabu. Kuna kikomo cha jumla ya misaada kwa kaya ambayo haina kazi ya kutosha. Tangu Aprili 2023, kwa wenzi wa ndoa au familia yenye watoto, kikomo hicho ni pauni 25,323 kwa mwaka ndani ya London, na pauni 22,020 nje yake. Tofauti ni kama pauni 275 kwa mwezi. Lakini kodi ya nyumba ya familia London inaweza kuizidi ya mji mdogo kwa mamia mengi ya pauni. Kikomo kikigonga, kinachokatwa ni msaada wako, na kodi inabaki palepale. Familia yenye mapato ya kazi yanayofikia kiwango kilichowekwa, au inayopokea baadhi ya misaada ya ulemavu, haiguswi na kikomo hiki. Lakini usiache nyumba uliyo nayo kabla ya kuuliza. Nyumba uliyoiacha kwa hiari yako inaweza kuhesabiwa dhidi yako.

(Muziki mfupi.)

Nimalizie na ninyi mnaobaki.

Mama, baba, wewe uliye na mwana Hull au Motherwell: anaposema "mwezi huu sina", inawezekana anasema kweli. Zile pauni 100 ulizozitarajia huenda ndizo zinazoziba pengo kati ya kipimo na kodi. Siyo kwamba amekusahau. Badala ya kumuuliza "pesa yako inakwenda wapi", jaribu kumuuliza "kodi umeshalipa?" Swali hilo litamfungua mdomo. Na wewe uliyeko huko ukatumiwa maneno haya na ndugu zako, waambie wazi. Wengi hutuma picha mbele ya nyumba ya matofali mekundu na hawasemi kwamba si yao, na kila mwezi kuna mtu wa kulipwa. Ukificha hesabu, unaacha watu wa nyumbani wajaze wenyewe, nao hujaza kwa matumaini. Afadhali kukubaliana kiasi kidogo ambacho kinaweza kutoka kila mwezi baada ya kodi, hata kama ni kidogo, kuliko kikubwa cha mara moja kinachowatoa watoto ndani ya nyumba.

Na onyo la mwisho, kwa wote. Msaada huu ni wa watu wanaoishi Uingereza wenye haki ya kuupata. Hakuna fomu yake kambini. Mtu akija na karatasi akakuambia ulipie ili jina lako liingie kwenye orodha ya nyumba za Uingereza, huyo ni tapeli. Usaili wa kuhamishiwa nchi ya tatu ni bure, kuanzia hatua ya kwanza hadi ndege. Kila mwaka wanaochukuliwa ni chini ya asilimia 1 ya wakimbizi wa dunia. Hakuna pesa inayoweza kukusogeza mbele katika mstari huo. Ukiombwa hongo au ada, mpeleke habari afisa wa ulinzi wa UNHCR, au tumia sanduku la malalamiko lililo karibu nawe. Huhitaji kutaja jina lako.

Nyumba ya kupanga ni mkataba, na mkataba una kipimo, tarehe na deni. Anayevijua hivyo kabla ya kusafiri atafika akiwa na macho. Na anayevijua akiwa hapa kambini hatamwita ndugu yake mchoyo kwa pesa ambayo haikuwahi kuwa yake.

Hayo ndiyo niliyowaandalia leo. Kama una swali, liandike na ulipeleke kwa kiongozi wa kikundi chenu cha wasikilizaji. Mpe karatasi hii jirani ambaye hakusikia. Kaeni salama, na tukutane tena katika kipindi kijacho.

(Muziki wa kufunga.)